Mkono Mgongoni
Tangu treni ya asubuhi ipunguzwe mabehewa, manne yakawa mawili, bwana wa stesheni husukuma migongo ya abiria ili waenee ndani. Husukuma taratibu, kwa glavu nyeupe, kama anayefunga sanduku la vyombo vya udongo, huku akinong'ona, "Samahani, jamani, samahani." Bibi Hatsue, anayekwenda hospitali kusafishwa damu, ameuzoea mkono ule. Leo ulimgusa, ukasita, ukamrudisha nyuma. Mlango ukafungwa. Bwana yule akanyoosha kidole kwenye milango, kama ilivyo desturi ya kazi, akapaza sauti: "Salama!" Kisha akamgeukia bibi, akainama kumwomba radhi.

"Inuka, mwanangu. Nitapanda ya saa nne."

Hakuinuka.

"Ya saa nne wameifuta, bibi. Tangu jana."