Makofi ya Asubuhi ya Mtakatifu Patrisi

Saa moja kasorobo asubuhi, tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, msimamizi wa Ayalandi, Assumpta Gilvarry anamnyoa mzee ndevu. Amemkalisha karibu na dirisha la jikoni, taulo shingoni, povu limepanda hadi masikioni. Nje, katika mtaa wa Woodlawn, kaskazini mwa Bronx, New York, baridi bado inauma, na mtu fulani anajaribu zumari kabla ya gwaride.

"Tulia, mzee. Nisije nikaondoka na sikio."

"Ondoka nalo. Halina kazi."

Mzee ana miaka 86. Ni mjane na mstaafu wa kikosi cha zimamoto. Hapa tumemwita Neil Hanratty. Si jina lake. Assumpta ndiye aliyeomba libadilishwe. "Yeye hajaniripoti kwa mtu," anasema. "Na mimi sitamripoti."

Akimaliza kumnyoa anamvika suti na tai ya kijani, kisha anambandika kishada cha shamroki, vile vijani vitatu vitatu, kwenye ukosi wa koti. Baada ya saa moja watakuwa ukumbini kwa kifungua kinywa cha chama cha Waayalandi wa mtaa huo. Baada ya hapo ni gwaride. Huu ni mwaka wa sita anasukuma kiti chake cha magurudumu siku ya sikukuu hii, na ndio wa mwisho. Mzee hajui bado.

Assumpta, mwenye miaka 58, alizaliwa kwenye shamba dogo nje ya Ballina, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, mtoto wa nne kati ya saba. Mwaka 1998 alikuja New York kumtembelea binamu yake kwa ruhusa ya siku tisini. Siku zikaisha.

"Nilijiambia nitarudi Krismasi," anasema. "Sikusema ya mwaka gani."

Amesugua sakafu za watu, ameosha vyombo mahotelini, na kwa miaka kumi na tisa sasa kazi yake ni kutunza wazee. Amewazika wanne. Analipwa dola kumi na nane kwa saa, mkononi, bila bima wala likizo. Hana kibali cha kuishi nchini. Akitoka, sheria inamfungia mlango kwa miaka kumi. Hajapanda ndege tangu siku aliyoshuka.

Hata hivyo, hajawahi kusimamishwa na polisi barabarani. Jirani yake kutoka Honduras, mwenye kosa lile lile, amesimamishwa mara tatu.

"Mimi wakinisikia nikiongea wanatabasamu," anasema. "Wananiuliza kama namfahamu mjomba wao wa Galway."

Februari mwaka jana mama yake, Bi Nora, alifariki akiwa na miaka 91. Kaka yake, Padraic, aliweka simu kanisani ili Assumpta afuatilie misa ya mazishi. Aliifuatilia akiwa ameketi ukingoni mwa bafu nyumbani kwa Hanratty, mlango ameufunga, bomba amelifungua ili mzee asimsikie.

"Padraic aliiweka simu chini mno," anasema. "Nikaona viatu. Saa nzima viatu. Mama yangu nimemzika kwa kuangalia viatu vya watu."

Jioni yake Hanratty alimuuliza mbona hakwenda. "Ningekuacha na nani?" akamjibu. Anasema ulikuwa uongo mdogo, wa kupitisha siku.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Mtakatifu Patrisi, chama kilimpa Hanratty heshima ya kuongoza gwaride. Mzee alizungumza mbele ya watu mia mbili, soseji zikipoa kwenye sahani. Alieleza jinsi baba yake alivyofika Amerika na sanduku moja, akapanga foleni, akaandikwa jina. Kisha akageukia wanaoingia siku hizi. Hao, alisema, hawapigi hodi. Wapakiwe wote warudishwe makwao.

Ukumbi ukapiga makofi.

"Sasa mtazameni huyu," akaendelea, akimshika Assumpta mkono. "Huyu ndiye Muayalandi hasa. Mama yake amekufa mwezi uliopita, na hakwenda kuzika. Hakutaka kuniacha peke yangu. Simama, mwanangu, wakuone."

Akasimama. Watu mia mbili nao wakasimama, wakampigia makofi mengi kuliko waliyompigia mzee. Mwanamke wa meza ya jirani alikuwa analia.

"Nikawapungia mkono," anasema Assumpta. Anakunja taulo, analikunjua tena. "Maneno yake nimeshayasahau mara nyingi. Ule mkono wangu ndio sijausamehe."

Alimsukuma gwaride zima, kilomita mbili za ngoma na zumari. Kijana mmoja mwenye kofia ya plastiki ya kijani, bia imemwagikia fulana, alimsogelea akamwambia kwamba hata yeye ni Muayalandi.

"Hongera," akamjibu, akaendelea kusukuma.

Walipofika nyumbani alipiga magoti kumvua mzee viatu. Hapo ndipo alipomwambia.

"Neil, mimi sina karatasi."

"Karatasi gani?"

"Zozote. Nilipewa siku tisini, nikakaa miaka ishirini na sita. Mama sikwenda kumzika kwa sababu nisingeweza kurudi. Hao unaotaka wapakiwe, na mimi nimo."

Mzee alitazama soksi zake.

"Wewe si kama wao," akasema.

"Mimi ni wao hasa."

"Kuna chai?" akauliza mzee.

Hawakulizungumza tena. Siku mbili baadaye alipiga simu Rosaleen, binti wa mzee anayeishi New Jersey. Hakuuliza swali hata moja. Aliomba tu kwamba mambo ya malipo wasiandikiane tena kwenye simu. "Ni kwa usalama wako, Assumpta," alimwambia.

"Wangu au wako?" Assumpta alimuuliza. Rosaleen akasema ana mgeni mlangoni.

Kwa nini hakuacha kazi? Assumpta anakasirika kidogo kuulizwa hivyo. Mzee ana wema wake, anasema. Assumpta alipougua kichomi, Hanratty alijisukuma hadi mlango wa chumba chake akakaa hapo siku tatu na kengele mapajani, aite msaada akizidiwa. "Ananipenda. Wala sina shaka. Lakini mtu anaweza kukupenda na bado akapiga kura ufukuzwe."

Mwaka huu chama kimemwomba Hanratty aseme tena machache. Assumpta amevaa gauni lake la buluu, la misa. Ukumbini kuna mayai, soseji za damu, mkate wa magadi. Padri anapoombea chakula anakumbusha kwamba Patrisi alitekwa akiwa mtoto wa miaka kumi na sita, akavushwa bahari hadi Ayalandi.

"Umesikia?" Assumpta anamnong'oneza mzee. "Mtakatifu mwenyewe alifika kwetu bila karatasi."

Ndipo mzee anapokea kipaza sauti, naye Assumpta ananyooka kitini. Baadaye atakiri alikuwa na tumaini. Mwaka mzima amemwogesha, amemlisha, amemgeuza kitandani. Alidhani labda sentensi moja ingebadilika.

Sanduku moja. Foleni. Jina likaandikwa. Hawa wa leo hawapigi hodi. Wapakiwe wote. Makofi.

Hotuba ni ile ile. Kilichoondolewa ni yeye tu. Hanratty hamtaji, hamshiki mkono, haombi asimame. Anarudisha kipaza sauti na kuuliza kama yai lake limepoa. Assumpta analikata vipande vidogo na kumfuta kidevu.

Barabarani, katikati ya gwaride, mzee anasema bila kugeuka, "Sikukutaja."

"Nilisikia."

"Nilifanya hivyo kwa ajili yako."

"Najua, mzee. Funika magoti, kuna upepo."

Wanakwenda hatua kadhaa nyuma ya bendi ya watoto wa shule. Kisha Assumpta anainama kwenye lile sikio linalosikia.

"Tarehe tatu Aprili naondoka. Narudi kwetu."

"Unarudi huku lini?"

"Sirudi."

Mzee anapungia watu waliopanga mstari kandokando ya barabara. Anapunga muda mrefu, hata pale ambapo hakuna watu.

"Nani atanitunza?"

"Rosaleen anatafuta mtu."

"Atakuwa wa kwetu?"

"Atakuwa yeyote atakayekubali, Neil."

Gwaride linaisha. Nyumbani mzee anakataa kuvuliwa kishada cha shamroki. Anasinzia nacho kitini, tai imekwenda upande.

Assumpta anamfunika blanketi na kuketi jikoni. Padraic amemwachia chumba cha mama yao. Nyumba moja ya wazee mjini Ballina inatafuta watunzaji, naye ametuma maombi. Anachokihofia ni kwamba kule hamfahamu mtu tena. Watoto wa dada zake wanamjua kwa sauti ya simu tu.

"Huku ni Muayalandi kutwa nzima," anasema. "Kule wataniita Mmarekani, utaona."

Atakapofika, kabla ya kufungua begi, anataka Padraic ampeleke makaburini. Hana hotuba ya kutoa. Atamwambia mama yake amefika, na kwamba anajua amechelewa. Kisha ataomba waende wakanywe chai, kwa sababu Padraic hapendi kusimama kwenye baridi.

Tulipomuuliza kama tufiche na jina lake, alitikisa kichwa.

"Gazeti litoke baada ya tarehe tatu," alisema. "Halafu liandike jina lote. Assumpta Mary Gilvarry. Kwa miaka ishirini na saba nimekuwa nikiwatajia watu nusu."