Nilimsingizia rafiki yangu kwa gari nililolipindisha mwenyewe

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mitatu, Mwiraqw wa hapa Karatu, fundi magari mstaafu. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kike, na tangu nianze kumsimulia hajaniangalia usoni. Najua humu wengi ni vijana. Nitukaneni mkitaka, ila mnisome hadi mwisho.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, nilikuwa fundi kijana mwenye majivuno yasiyo na kipimo. Palikuwa na mfanyabiashara wa ngozi na samli, nimwite Bwana Hamisi, mwenye pikapu moja. Mama yake, tuliyemwita Bi Mkubwa, magoti yalikuwa yameisha nguvu na gari lilikuwa juu, lakini hakukubali kushikwa na wanaume wa watu ili apandishwe. Bwana Hamisi akaomba gari lishushwe, mama yake apande mwenyewe kwa heshima yake. Mafundi wenzangu walikataa, wakasema gari la njia ya Kakesio, yenye mawe na makorongo, halishushwi. Mimi nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Nilipunguza mabamba ya springi, vile vyuma virefu vinavyobeba gari juu ya ekseli, mbele na nyuma. Sasa sikieni ujinga wangu. Uwanja wa gereji yetu ulikuwa umechimbwa mteremkoni, tukauacha uiname kidogo kulia ili maji ya mvua yatoke. Tulishauzoea mpaka tukauona uko sawa kabisa. Nilipotazama gari nikaona limelalia kulia, nikatoa bamba jingine upande wa kushoto hadi likaniridhisha. Sikupima kitu. Nikanawa mikono, nikajisifu mbele ya wenzangu.

Barabarani gari likalala kushoto, alikokaa Bi Mkubwa. Likishika mwendo, sakafu yote inatetemeka, vioo vinalia. Dereva wake alikuwa Mmasai wa Kakesio, nimwite Saning'o, rafiki yangu wa kula sahani moja. Alikuja kwa upole akaniambia mtetemo unatoka chini katikati, kwenye propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, na umeanza siku ile niliposhusha gari. Alikuwa sahihi. Springi zikishuka, difu, ile giaboksi ya ekseli ya nyuma, nayo hubadilisha mwinamo, propela inazunguka imepinda kwenye maungio yake. Nilihisi hivyo palepale, ila nikamwambia anafikiri sana.

Wiki hiyo Bi Mkubwa alitapika njiani. Bwana Hamisi akaja gerejini amefura, Saning'o akiwa ghalani anashusha ngozi, akaniuliza mbele ya mafundi wote nimelifanya nini gari lake. Macho ya wale waliokataa kazi yalikuwa juu yangu. Nikajibu, "Mimi nilikukabidhi gari zima, Bwana. Huyo kijana wako analikimbiza kwenye mawe, na mzigo wote anaurundika upande mmoja."

Saning'o alifukuzwa siku hiyohiyo. Nikamfuata kumpa pole, na hapa ndipo ninapojichukia zaidi: nilimwambia nimemtetea sana, tajiri kakataa kusikia. Alinishukuru, jamani. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Siku chache baadaye nililiona gari limesimama mbele ya duka, penye tambarare, limeinama kama ng'ombe mwenye mguu mbovu. Nilirudi gerejini nikaweka beseni la maji chini, maji yakajaa upande mmoja. Nikaelewa yote. Nikamwomba Bwana Hamisi gari kwa kisingizio cha kupaka grisi. Nikasawazisha mabamba pande zote, nikachonga kabari za chuma nikaziweka kati ya springi na ekseli ya nyuma mpaka difu ikatazamana vizuri na propela. Mtetemo ukakoma kabisa. Bwana Hamisi akasema kumbe dereva mpya ana mkono mzuri. Nikamkabidhi ufunguo wake.

Saning'o hakupata tena gari la kuendesha. Kila alikoomba kazi, habari zilikuwa zimemtangulia kwamba anavunja magari. Akarudi kwa ng'ombe. Miaka yote hii akija mnadani lazima apite kwangu na kibuyu cha maziwa, na mimi nayanywa.

Sasa mjukuu wake ameajiriwa kuendesha watalii Ngorongoro, na mwezi ujao wanamfanyia sherehe Kakesio. Ndugu zao wanamtania kijana asije akarithi mkono wa babu yake. Saning'o alicheka nao, lakini kwangu hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu, akaniambia, "Rafiki yangu, wewe peke yako ndiye ulinitetea siku ile. Njoo usimame, uwaambie hawa watoto kwamba mimi gari nilikuwa najua."

Nimekubali. Ningesemaje hapana? Nikisimama na kumsifu tu, atanishukuru tena kwa uongo uleule. Nikisema ukweli, jina lake litasafishwa mbele ya ukoo wake, lakini atajua siku ya furaha yake kwamba rafiki aliyekuwa naye ndiye aliyemharibia maisha. Nikimfuata peke yake kabla, naogopa atanisamehe na kuniambia ninyamaze, nami nitakubali kwa sababu najijua. Wanangu, wajukuu zangu, niambieni mzee wenu nifanye nini. Watu wa kwao wote watakuwepo, na nimeshapangiwa kuongea wa kwanza.