Mashine Iliyoganda Kila Mgeni Alipoingia

Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta ya parokia, Marceline Numbi aliifungua mwenyewe kwa bisibisi ya kaka yake. Ndani alikuta vipande viwili vya kumbukumbu, vile mafundi wa Lubumbashi wanavyoviita bareti, akapaka kila kimoja tone la rangi nyekundu ya kucha. Kisha akafunga, akafuta vumbi, akaketi kumngoja fundi kana kwamba hakufanya lolote. Huko Kampemba, mtaani kwao, kila mtu alikuwa na shangazi au jirani aliyepeleka mashine ikatengenezwe, ikarudi na bareti ndogo kuliko zile iliyokwenda nazo.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia katika ofisi ya parokia, akiandika vyeti vya ubatizo na matangazo ya ndoa. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na kwake ndiko alikopata tabia ya kuandika saa ya kila kitu: saa mvua ilipoanza, saa umeme ulipokatika, saa mgeni alipoingia.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato, ya zaidi ya miaka kumi, iliyoachwa na mmisionari mmoja aliporudi kwao. Ilikuwa imezeeka kiasi kwamba Marceline aliweza kuiwasha, akaenda kuchota maji, akarudi na kuikuta bado inajivuta. Ndipo Padri Anaclet, paroko, alipomwita Edouard, fundi mwenye kibanda mjini karibu na Posta. Edouard alisema mashine si mbaya, ila mfumo wake umekuwa mzito. Angeufuta na kuweka mwingine, uitwao Linux.

"Ile haina ya kuuzisha," alieleza. "Bantu ba dunia yote banaitengeneza, banaigawa bure."

"Bure?" Marceline aliuliza. "Na bao banapata nini?"

"Hakuna, Mama. Kila muntu anaweza kuifungua aone iko nini ndani."

"Basi na mwizi anaweza."

Edouard alicheka. Marceline hakucheka. Edouard alikuwa mtoto wa Wakasai, watu waliohamia Katanga kutoka mkoa wa Kasai, na Marceline alikulia katika nyumba ambamo maneno mabaya juu ya Wakasai yalisemwa mezani, pamoja na chumvi. Hakuyapenda maneno yale. Lakini siku ile aliyasikia yakimzunguka kichwani, akayaacha yazunguke.

Mashine ilirudi ikiwa nyepesi kama mpya. Siku ya tatu iliganda. Marceline alikuwa akiandika cheti, Dorine, mtunzaji wa sakristia, chumba cha mavazi ya misa, akaingia kumsalimu, wakaongea kidogo habari za kwaya. Alipogeukia kazi, kishale kilikuwa kimesimama katikati ya jina la mtoto. Alibonyeza herufi, hakuna. Hata saa iliyo pembeni mwa kioo ilikuwa imesimama, inaonyesha wakati uliopita. Ilibidi akandamize kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazimika, na cheti kikapotea.

Ilipoganda mara ya pili alimwita Edouard. Hakumwambia mengi. "Fungua hapa, mbele yangu."

Edouard alifungua. Alama nyekundu zilikuwepo, zote mbili. Fundi aliziangalia muda mrefu.

"Mama, hii rangi ni ya nini?"

"Ya kucha."

Edouard alirudisha skrubu moja moja, polepole, akaondoka bila kunywa chai aliyokuwa amewekewa. Naye Marceline, badala ya kufarijika, alikasirika zaidi. Kama si fundi, sasa ilimbidi atafute mwingine wa kulaumu.

Alichukua daftari. Kila mashine ilipoganda aliandika siku, saa, na nani alikuwa ofisini. Baada ya wiki mbili alikuwa na mistari kumi na mmoja. Padri Anaclet mara mbili. Mama mmoja mjane aliyekuja kutafuta cheti cha marehemu mume wake, mara moja. Edouard mwenyewe, siku aliyopita kuulizia hali, mara moja. Na Dorine mara saba.

Dorine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye ufunguo wa ofisi. Alikuwa amesoma kompyuta kwa miezi sita. Na hivi karibuni alikuwa amemwuliza, kwa sauti tamu kabisa, "Mama Marceline, weye utapumuzika lini?" Wakati ule Marceline alidhani ni kumhurumia. Sasa aliona maana nyingine: mashine iharibike mikononi mwa mzee, Padri aseme mzee hawezi tena, na kiti kipate mtu.

Alimpelekea Padri daftari. Padri alisoma, akakuna shingo. "Mama, hii haioneshi kwamba amegusa kitu."

"Hahitaji kugusa, mon Père. Mashine za leo banazifanyia mambo kwa mbali."

Padri hakutaka ugomvi. Alimwomba Dorine arudishe ufunguo kwa muda, bila kutaja sababu. Lakini katika parokia hakuna sababu isiyojulikana. Siku iliyofuata Dorine alikuja, akasimama mlangoni, akaweka ufunguo juu ya rejista ya ubatizo.

"Ufunguo njo huu hapa," alisema. "Ungeniuliza tu, Mama."

Wiki ile mashine iliganda mara nne, na Dorine hakukanyaga ofisini. Iliganda Padri alipokuwa akimwelezea habari za mazishi. Iliganda mbele ya wachumba waliokuja kuandikisha ndoa. Marceline aliandika majina yao, akayatazama, akashindwa kabisa kuwashuku watu ambao hata mlango wa ofisi walilazimika kuulizia ulipo.

Padri alimwita Edouard tena. Fundi alikuja na mfuko wake, akasalimia kwa heshima ya mbali. Alipima kumbukumbu kwa siku nzima, mashine ikijikagua yenyewe. Hakuna kosa. Akapima joto. Kawaida. Akasoma kumbukumbu za matukio, mahali mashine inapojiandikia kila inachokifanya: mistari ilikwenda vizuri, kisha ikakatika ghafla, bila hata neno la kulalamika.

"Ni kama muntu aliyeacha kusema katikati ya neno," alisema. Kisha akauliza, "Padri anasema weye uko na daftari."

Marceline alisita. Jina lake Edouard lilikuwa mle. Akamsukumia.

Edouard alilikuta jina lake, akaendelea. Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Mama, Dorine akiingia, weye unafanya nini?"

"Namusalimia. Tunaongea."

"Na mikono?"

Marceline aliitazama mikono yake. Ilikuwa imelala mapajani.

Edouard alionyesha orodha ya komunyo iliyobandikwa ukutani. "Siku ile uliandika majina ya batoto bote ba komunyo, iliganda?"

"Hapana. Niliandika asubuhi yote, ilienda tu."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Edouard aliwasha mashine, akafungua ukurasa mtupu, akavuta kiti nyuma. "Tusiiguse."

Walikaa. Nje watu wa kwaya walikuwa wakirudia wimbo mmoja, wakikosea palepale. Marceline alikuwa na hakika kwamba anachezewa. Alitazama mikono ya fundi iliyokunjwa kifuani, akatazama simu yake iliyokuwa juu ya meza kifudifudi, akaisogeza mbali naye. Edouard alimwacha afanye. Baada ya dakika kumi na saba saa ya kwenye kioo ilisimama.

"Haigandi juu ya bantu," Edouard alisema. "Inaganda juu ya kupumuzika."

Alimweleza kwa utaratibu kwamba chanzo si wageni, ni mashine kukosa kazi. Prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote za mashine, ikikosa kazi hujilaza ili isile umeme. Mfumo wa zamani uliiacha isinzie tu. Huu mpya uliituma kwenye usingizi mzito, na prosesa za umri ule zina kasoro: nyingine zikilala hivyo haziamki. Mgeni akiingia, Marceline anaacha kuandika; akiacha kuandika, mashine inalala. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja mfupi, aliouongeza kwenye maagizo ambayo mashine huyasoma inapowaka, wa kuikataza isilale sana.

"Betri itaisha mbio kuliko zamani, na itapata joto kidogo," alisema. "Lakini haitaganda."

Marceline hakumwamini. Kwa siku tano aliiacha mashine ikiwaka bila kuguswa, akiipitia kila nusu saa na daftari mkononi. Haikuganda hata mara moja. Siku ya sita alimpikia Edouard chai, akamwomba msamaha kwa ajili ya rangi ya kucha. Mengine aliyoyawaza hakuyataja. Edouard alikunywa yote.

Dorine alikuwa kazi ngumu zaidi. Marceline alimkuta sakristia akikunja kanzu.

"Nilikukosea," alisema, akaeleza yote, usingizi wa prosesa na kila kitu.

Dorine aliendelea kukunja. "Uliniandika mara ngapi?"

"Saba."

"Juu nilikuwa nakuja kukusalimia."

"Ndiyo. Juu ya ile."

Dorine aliweka kanzu kabatini, akafunga mlango wake vizuri. "Nimesikia, Mama," alisema, na kwa miezi miwili hakusema zaidi ya hapo. Alisalimia uani, akapita.

Mwaka huu parokia imepewa kompyuta ya pili, nayo kuukuu. Ni Marceline aliyemwambia Padri kwamba kazi imemzidi na kwamba Dorine aliisomea. Meza zao sasa zinatazamana. Wanaongea habari za kazi, na siku nyingine za kwaya. Juzi Dorine alitoka kununua mikate, akaacha mkoba wake wazi juu ya kiti. Marceline aliona kwamba umeachwa hivyo, mbele yake, akaendelea kuandika.