Shika mikro chini, bwana!

Uliyemtukana mume wangu leo mbele ya baba yangu, haya ni yako.

Ndoa yetu ina wiki tatu. Baba ameshuka kutoka kwetu Lemera kuona kazi ya mkwe wake, ile aliyokuwa akiiita "kucheza na nyaya": kuendesha sauti na taa za mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa parokia.

Wewe, kiongozi wa mchezo, ukapanda jukwaani na kukamata mikro, kile kipaza sauti. Bafle, zile spika kubwa, zikapiga filimbi hadi watoto wakaziba masikio.

"Weye fundi, uko unalala? Ndoa imekulewesha!"

Watu wakacheka. Baba akainamisha kichwa. Nilitaka kukurushia kiatu changu cha harusi!

Mpenzi wangu akainuka kwenye mitambo yake. (Jamani, mwanaume huyu!) Alipanda taratibu, akabandua vidole vyako vilivyoziba kichwa cha mikro, akavishusha kwenye mpini.

Filimbi ikakatika papo hapo.

Ukumbi mzima ulikucheka, na bado hukuomba radhi. Mliokuwepo, semeni kama nadanganya!

Jirani akamuuliza baba, "Papa, ule fundi unamujua?"

Baba akanyoosha shingo: "Ule? Iko mutoto wangu."