Kila Mtu Alitaka Kuwa Mzee

Mwalimu mmoja kutoka bara ndiye aliyeuleta mchezo ule Garissa, miaka ya tisini. Alikuwa na kitabu kilichochakaa na dado zenye pande nyingi. Kila mchezaji alibuni mtu wake, akampa kazi, silaha na umri. Kisha Mwalimu alisimulia safari, nasi tukasema watu wetu wanafanya nini humo. Dado ziliamua nani anapona.

Tulikaa mkekani kwake baada ya Alasiri: binamu yangu, rafiki yake aliyekuwa dalali wa mbuzi, na mimi.

"Umri?" Mwalimu aliuliza.

"Arubaini," dalali akasema.

"Basi mimi hamsini," akasema binamu.

"Niandike sitini," dalali akarudi.

"Sabini, wallahi, na ndevu za hina!" binamu akampiku.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Mzee hupungukiwa na nguvu. Kitabu kinasema hivyo. Atapigana vipi?"

"Apigane kwa nini?" binamu akamjibu. "Nani atamtuma mzee?"

Mimi nilisema kumi na tisa. Dalali akacheka hadi akakohoa. "Tumepata wa kututekea maji!"

Binamu hakucheka. Aliujua umri ule. Ndugu yangu alikuwa nao mwaka uliotangulia, alipotumwa Elwak na lori la sukari. Safari ilikuwa ya binamu, lakini akamtuma yeye kwa kuwa ni mdogo. Majambazi walilimiminia lori risasi lilipokwisha kupita Tarbaj, ndugu yangu akafa humo. Sijamsamehe binamu, na wala sisemi kwamba najaribu.

Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba mvua za masika zikinyesha katika hadithi, kila mtu huongeza mwaka. Nilitaka wangu afike ishirini. Sikutaka kingine katika mchezo ule.

Tukaanza safari. Kila kisima walisema, "Kijana, chota." Kila kichaka, "Kijana, kachungulie." Nilichota, nikachungulia, dado zikanihurumia. Kisha tukafika kwenye ngome iliyobomoka, na ndani yake kitu kilikuwa kinapumua.

"Kijana aingie kwanza," binamu alisema, bila hata kunitazama.

"Haingii," nikasema.

"Yeye ndiye mdogo."

"Hata yule uliyempeleka Elwak alikuwa mdogo."

Dalali akanishika mkono. "Walaal, ndugu, huu ni mchezo."

"Ajali ni ya Mungu," binamu akasema. "Usinipake damu mbele ya mgeni."

Nikachukua kalamu, nikafuta kumi na tisa, nikaandika sabini na moja. "Sasa ni mkubwa wenu. Ingieni nyinyi."

Binamu alininyang'anya karatasi. "Umri haubadilishwi katikati! Mwalimu, mwambie."

Mwalimu aliichukua karatasi ile. "Ni kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Hairuhusiwi."

"Kurudi nyumbani je?" nikauliza.

"Kunaruhusiwa. Lakini akirudi, mchezo umekwisha kwake. Hataona mvua."

"Arudi."

Mwalimu hakurusha dado. Alisema tu kwamba kijana aligeuza ngamia wake, akaondoka akiwa mzima.

"Mwoga," binamu akasema.

"Ndiyo," nikamjibu, nikavaa ndala zangu nikatoka.