Nilimpiga Picha Mkwe Kabla ya Siku ya Blanketi

Nitukaneni tu, sitajibu. Nilichofanya ni ushenzi, na nilikifanya nikicheka.

Mimi ni mwanamume wa Nakuru, Kenya. Mwaka jana nilivuka mpaka wa Sirari na mchumba wangu, nitamwita Neema, kwenda kutambulishwa kwao Nyamuswa, Tanzania. Nilikuwa na simu mpya yenye kamera ya kuvuta vya mbali. Basi nikajiona mpiga picha wa dunia!

Musoma niliwapiga picha wanawake wakianika dagaa, hata salamu sikuwapa. Mwitongo, kule Butiama, mama mmoja alisimamisha jembe akaniuliza, "Unatupigaga picha, kwani sisi ng'ombe wa mnada?" Nikamcheka. Washamba hawa, nikamwambia Neema. Washamba! Mimi niliyelelewa na nyanya aliyepika kwa kuni!

Tulipofika Bunda, Neema alinilazimisha kununua blanketi zito. Nikanung'unika, joto hili blanketi la nini? "Utajua Jumamosi," akasema. Sikuuliza zaidi, nilikuwa najipiga picha.

Nyumbani kwao, baba yake mdogo aliniita kando.

"Kijana, huku kwetu mkwe hatazamwagi usoni. Mama wa Neema akipita, wewe geuka. Na yeye atajifunika."

Kweli, kila nilipotokea mama yule alivuta khanga usoni, akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi nikaona kichekesho. Mtu mzima anacheza kujificha!

Ijumaa asubuhi nilijibanza nyuma ya ghala la mtama. Akatoka zizini na maziwa, kichwa wazi, khanga imeshuka mabegani. Nikamvuta karibu kwa kamera, nikampiga picha. Kisha nikaiweka status ya WhatsApp: "Mama mkwe amenaswa!" Na vikatuni vya kucheka, jamani!

Shangazi yake Neema anayeishi Kigera, Musoma, tuliyepeana namba tulipopita huko, ndiye aliyeiona. Alipiga simu nyumbani akilia.

 Mama alijifungia ndani, akakataa hata uji. Mimi, bila haya, nikajitetea, "Si picha tu? Nafuta."

Neema alinitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. "Nilikuwaga nakutetea hapa," akasema. "Walisema mtu wa mbali atatudharau. Nikawabishia."

Baba mdogo ndiye aliyenimaliza. "Kesho ungempa mkwe blanketi mbele ya ukoo. Angejifunua mwenyewe, angekupa mkono, angekuita mwanangu. Kitu cha kupewa kesho umekiiba leo. Nenda kwenu."

Kumbe kulikuwa na siku yake! Ningengoja usiku mmoja tu, ningemwona mama yule akinitabasamia!

Neema alinisindikiza hadi stendi. Hakulia. Alinirudishia blanketi likiwa bado kwenye nailoni yake, akageuka. Sijawahi kumwona tena, na simu zangu hapokei.

Sasa nyinyi wenzangu mnaovuka mipaka na simu mkononi, mkidhani watu wa nchi za wenyewe ni mandhari, mnanitia kichefuchefu kwa sababu nawajua. Boma la mtu si mbuga ya wanyama! Salimia, uliza, ukikatazwa rudisha simu mfukoni. Na ukiambiwa geuka, geuka, hata kama hujaelewa.

Picha niliifuta siku ileile. Blanketi ndilo limebaki. Nakuru kuna baridi, najifunika peke yangu.