Watu wa Ng'ambo

Mama mkwe wangu ndiye aliyefundisha darasa la akina mama kanisani. Alizaliwa Kasenga, huku huku Katanga, binti wa mwalimu wa misheni, na alipenda kujua kila neno limetoka wapi. Mimi nilizaliwa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, ila wazazi wangu walitoka Kasai. Hilo halikumsumbua mtu mpaka jimbo letu la Katanga lilipojitangaza nchi peke yake na watu wa Kasai wakahesabiwa wageni.

Tulikuwa tukisoma habari za Yosefu. Mmoja wetu akauliza mbona watu wale wana majina mengi. Mama mkwe alieleza kwamba Israeli ni jina alilopewa Yakobo alipopigana mieleka na yule mgeni mpaka kukapambazuka, na ndilo walilojiita wenyewe. Wayahudi lilitoka kwa Yuda, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa kumsifu Mungu. Likawaenea wote baadaye, makabila mengine yalipokwisha kutawanywa. Waebrania, alisema, wengi hudhani ni watu wa ng'ambo, waliovuka mto. Mara nyingi hulisikii vinywani mwao bali kwa wengine: Wafilisti, Wamisri, mke wa Potifa alipotaka Yosefu afungwe.

"Basi hata siye tuko na Waebrania betu hapa," alisema jirani yetu, akijifunga kitambaa vizuri.

Wengine walinitazama. Nilingoja mama mkwe aseme neno. Alisoma mstari uliofuata.

Siku zile familia za Kasai zilikuwa zikihamia kwenye mahema, pembeni mwa mji, zikilindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Wazazi wangu walikwenda na cherehani na magodoro. Mimi nilibaki kwa mume wangu, nikiwa na mimba.

Alasiri moja vijana wenye mapanga walisimama mlangoni wakauliza kama mna mtu wa Kasai. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Nilimsikia mama mkwe akijibu, "Iko. Iko muke wa mutoto wangu. Kama munamutaka, muanze na miye."

Waliondoka wakisema watarudi. Sikujua kama ameniokoa au amenitoa. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alimuuliza mama yake kwa nini hakukana. Akamwambia mtaa mzima unajua, na kwamba yeye hatamkana mtu wa nyumba yake. Kulipokucha mume wangu alinipeleka kambini.

Mtoto alizaliwa hemani, mvua ikipita chini ya turubai. Mama mkwe alikuja na samaki wakavu, baada ya kusimamishwa kwenye vizuizi na kuhojiwa anamfuata nani huko. Mama yangu hakumpa kiti. Mama mkwe alikaa chini kwenye matope, akampakata mtoto, akauliza jina. Lilikuwa jina la Kasai, jina la bibi yangu, na alilikosea. Mama yangu alimsahihisha kwa ukali. Akajaribu tena, taratibu, hadi likatoka sawa.

Vita vilipokwisha nilirudi kwa mume wangu. Wazazi walikuwa wameshapakiwa kwenye treni kwenda Kasai, mahali ambapo baba hakuwa na nyumba tena. Siku ile stesheni baba aliniuliza kama sina baridi, nami nikasema sina. Alifia huko. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa.